Jiko Chumbani kwa Baba

Kazi yangu ni kupima hatari. Kuna kampuni inataka kuzika hewa ya ukaa chini ya ardhi, kwenye matabaka ya makaa ya mawe huko kusini, na mimi ni mmoja wa wanaoulizwa kama itatulia. Makaa yakiimeza hewa hiyo huvimba, nyufa zake hubana, na hewa inayoendelea kusukumwa hutafuta pa kutokea. Mashimo ya zamani ya utafiti ndiyo yananikosesha raha. Hewa yenyewe haina rangi wala harufu, nayo ikitoka hutuama mabondeni walikojenga watu. Nimeyaandika haya mara nyingi mno, hata siyasikii tena.

Baba alipofariki nilipanda milimani kwetu Kwai na kompyuta yangu, maana ofisi haikuwa na subira na ripoti. Sikulia. Nilishikana mikono na watu, nikaitikia pole zao, nikala makande niliyopewa. Ndani yangu palikuwa kimya, na kimya hicho kiliniudhi.

Watu walisema ni presha. Baba alikuwa nayo kweli, na wazee walipokwisha kusema hivyo hakuna aliyetaja hospitali. Lakini mama alinisimulia. Baba alikuwa anakohoa, na baridi ya Julai huku haina utani, basi mama akamwashia jiko la mkaa, akaliweka upande wa miguuni, akaziba dirisha kwa magunia, kisha akaenda kulala chumba cha pili ili mgonjwa apumzike. Alisimulia kwa fahari kidogo, nione alivyomtunza mumewe. Asubuhi alimkuta ametulia, mashavu yana wekundu.

"Kama kijana," alisema.

Nikajua palepale. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichozibwa hutoa hewa yake, kali kuliko ile tunayotaka kuizika, na hiyo nayo haina harufu, ila humwachia maiti wekundu.

Sikumwambia mama. Jioni hiyo shangazi, dada yake baba, aliingiza jiko sebuleni tulimolala wanawake, akafunga mlango. Nikalitoa nje.

"We mtoto, mama yako anatetemeka! Hebu rudisha jiko."

Nikadanganya kwamba nina pumu. Wakanionea huruma, jiko likabaki kibarazani. Kila jioni ikawa hivyo. Mtaalamu mzima wa hatari, na kazi yangu pale ilikuwa kujikohoza.

Matanga yakaanuliwa, wageni wakatawanyika. Nilipokuwa nafunga begi, mama akaniambia nisihangaike na baridi yake, nikishaondoka atalirudisha jiko chumbani.

Nikamwambia. Sikuzungusha maneno. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na mikono yake haikusimama.

"Ningeacha dirisha wazi, angepona?"

Ofisini tuna majibu ya maswali kama hayo: uwezekano mdogo, uwezekano wa kati, uwezekano mkubwa. Nilichoka nayo yote.

"Angepona, mama."

Akaendelea kuchambua. Nilijisikiliza nione kama nitasikia kitu, huruma au hofu, chochote. Hakikuja. Kisha akaniambia kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, nisimwambie mtu, na hasa nisimwambie shangazi yangu. Watasema amemuua.

Shangazi alikuwa ameondoka asubuhi hiyo kurudi kwake Mlola, akiwa amebebeshwa mkaa uliobaki msibani. Mlola nako kuna baridi, na nyumba yake ina chumba kimoja ambamo analala na wajukuu. Nikatoa simu, nikampigia mbele ya mama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimefika salama. Ndiyo nakoleza jiko hapa, nilisogeze ndani."

Mama akaweka ungo chini, akajifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Liache nje, shangazi," nikasema. "Ndilo lililomuua baba."