Ukurasa Mweupe wa Kikoneni

Mwanarusi alikuwa fundi wa tovuti katika ofisi moja ya Ukunda, na sijaona mtu aliyeponzwa na adabu za watu wake kama yeye. Nilikaa naye meza moja. Hasira haijanitoka mpaka leo.

Chama cha wakulima wa korosho wa Kikoneni kilitaka tovuti, wauze mavuno yao kwa wanunuzi wenyewe, dalali asipate pa kuingilia. Mama yake Mwanarusi alikuwa mmoja wao. Dalali alikuwa amemnyonya miaka nenda miaka rudi, na binti aliapa kwamba msimu huu dalali huyo hataonekana tena uani kwa mama.

Bosi wetu, Seth, akataka tulinganishe fremuwaki mbili, yaani ile mifupa ya programu ambayo ukurasa hujengwa juu yake. Mwanarusi alitumia nyepesi. Dishon, mwenzetu kutoka bara, alitumia nzito, yenye mapambo na picha zinazoteleza. Kwa mtandao wa ofisini, zote zilifunguka papo hapo.

"Sasa shida iko wapi?" Dishon akacheka. "Na yangu ndiyo kali, si mnaona?"

"Shida iko Kikoneni," Mwanarusi akamjibu. "Twendeni tukazijaribu kwa simu zao wenyewe, kwa mtandao wao."

Seth alikubali, ila akaamuru kurasa zisitajwe ni za nani, na Mwanarusi asisogee, asije akawashawishi jamaa zake. Basi tulipofika Kikoneni, mwenye wazo akabaki garini pamoja nami, kama mtuhumiwa, huku Seth na Dishon wakikaribishwa chai na mahamri barazani kwa mama yake. Walirudi wakiwa wameshiba.

"Wakulima wote wamesema zote mbili zimefunguka, mashallah," Seth akasema. "Na ule wa pili wameusifu zaidi. Mama yako hasa."

Wa pili ulikuwa wa Dishon. Mwanarusi aliuliza kama waliviangalia vioo vya simu zile. Seth akamtazama kwa mshangao: kwani wazee wale ni waongo? Kazi akapewa Dishon, na Mwanarusi akafanywa msaidizi wake. Upuuzi mtupu.

Korosho zilipoiva, mama alipiga simu. Mwanarusi aliiweka kwenye spika, mikono yake ikiwa kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ule ukurasa wako bado ni mweupe tu, hauna kitu. Dalali amekuja na mizani yake, nimempa magunia yote."

"Mama, ule si wangu! Wangu ni ule wa kwanza, uliofunguka. Mbona siku ile hukusema?"

"Wageni umewaleta wewe, wamekunywa chai yangu, kisha niwaambie kazi ya mwanangu ni mbovu? Nilipoona huu wa pili hauji, nilijua ndio wako. Tangu utotoni ulikuwa mzito wa kazi. Nikausifu kuliko ule mwingine, na majirani nikawakonyeza wausifu. Nilikusitiri, mwanangu."

Machozi yalimlengalenga Mwanarusi, akayarudisha.

"Ahsante, mama," akasema, kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vyema. Akakata simu, akaendelea na kazi aliyopewa asubuhi ile: kumuongezea Dishon picha zinazoteleza.