Pindo la Suruali ya Shemeji

Kazi ya kambi ya kipindupindu niliipata kwa sababu ya kupenda kuuliza. Mvua zilikuwa zimefurisha vyoo vya mjini na mto ulibeba kila kitu kuelekea ziwani, ambako watu walichota maji ya kunywa. Nilisimama kwenye ua uliozungushiwa maturubai nikauliza mle ndani wanajenga nini. Bwana afya akanitazama, naye akaniuliza kama nimewahi kubeba bomba la kupulizia dawa shamba la pamba. Nilikuwa nimewahi. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa nimegusa karibu kila kazi isiyodai cheti, bila kukaa kwenye hata moja. Siku hiyo hiyo nilivaa mabuti ya mpira nikapewa bomba lililojaa maji ya klorini.

Wakati huo nililala kwa dada yangu, mtaa wa Mirongo. Dada alikuwa fundi cherehani. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, marobota ya mitumba yakifunguliwa kila kona, na suruali za Wazungu wanene zilihitaji kupunguzwa ndipo zimkae mtu wa huku. Chumba chake cha mbele kilikuwa karakana mchana. Usiku nilitandika mkeka humo, chini ya nguo za wateja zilizoning'inia kwenye kamba.

Nilipomwambia kazi niliyopata, aliacha kukanyaga cherehani.

"Nguo za watu zinalala chumba kimoja na wewe," alisema. "Wakijua, nani ataniletea tena?"

Hakusema kwa ubaya. Watu walikuwa wameacha hata kushikana mikono, na mwenzangu mmoja wa kambini alikuta vyombo vyake vimetolewa nje na mwenye nyumba. Tukakubaliana kwamba nitatoka nimevaa kama mtu wa ofisini, nitaoga kambini, nitarudi kwa mlango wa nyuma, na anayeuliza aambiwe nafanya kazi ofisi ya maji. Dada akanipunguzia suruali ya kijivu yenye marinda mbele. Pindo lake, kwa ndani, alilishona kwa uzi wa kijani, kwa kuwa ndio uliokuwa kwenye mashine. Ndivyo alivyowafanyia wote: nje uzi wa kufanana, ndani wowote uliobaki.

Nikawa mpuliza dawa anayevaa kuliko daktari. Mama mmoja aliyekuwa akifagia na kumwaga ndoo za wagonjwa alinipigia vigelegele kila asubuhi.

"Bwana harusi amefika! Bibi harusi yuko kwenye ndoo ya tatu, kamchukue!"

Nilicheka naye. Lakini nilipokunja ile ya kijivu na kuvaa suruali ya kazi, yenye mabaka ya klorini kama ng'ombe, aibu ilinijia kutoka pande zote mbili. Kambini niliionea aibu nguo yangu, na mjini niliionea aibu kazi yangu. Nilimuuliza nesi kwa nini klorini hula rangi kwanza na kuacha kitambaa. Akasema ana wagonjwa, niache maswali nipulize.

Dada alikuwa na mchumba, ingawa neno hilo halikuwa limetamkwa. Alikuwa karani wa mizani kwenye mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na sikuwahi kujua alifanyaje hata asinuke samaki. Alileta suruali moja ya kahawia kupunguzwa kiuno, akairudisha ilegezwe, akaileta tena ipunguzwe. Dada, aliyekuwa amezoea kuambiwa umri umempita, hakuwahi kumwambia kwamba kiuno chake ni kile kile. Alipokuja yeye, cherehani ilienda polepole.

"Shemeji," aliniita siku moja, kabla hajaruhusiwa na mtu kuniita hivyo, "ofisi ya maji inalipa, naona. Marinda hayo!"

"Tunajitahidi, kaka."

"Basi tuletee maji."

Dada alicheka mpaka akajichoma sindano.

Wiki hiyo hiyo waliletwa wagonjwa wengi kambini, wengine kwa mkokoteni. Mmoja nilipewa nimvue na kumwosha. Uso wake haukuniambia kitu, kwa maana ugonjwa ule humchimba mtu macho na mashavu hata mama yake akapita asimjue. Nilianza na suruali. Ilikuwa imechafuka yote, ila pindo la mguu mmoja lilikuwa limegeuka nje, na ndani yake niliona uzi wa kahawia, rangi ile ile ya kitambaa. Dada hakuwahi kuweka uzi wa namna hiyo mahali pasipoonekana. Alikuwa ameutafuta dukani, kwa ajili ya ndani ya pindo la mtu mmoja.

Nilimwosha. Nilimgeuza, nikamlaza kwenye kitanda cha turubai chenye tundu katikati, nikaweka ndoo chini. Nilipokuwa nashika mkono wake ili nesi apate mshipa wa dripu, alifumbua macho.

"Shemeji?"

"Tulia, kaka."

Alitazama mabuti yangu, kisha ndoo, kisha akajitazama alivyo. Akafumba macho.

"Usimwambie."

"Simwambii."

Suruali ilikwenda kwenye pipa la klorini kama sheria ilivyotaka. Nguo ikirudi na ugonjwa, inaua nyumba nzima. Niliizamisha kwa fimbo nikaangalia kahawia ikigeuka chungwa, na chungwa ikipauka vipande vipande.

Alipona. Siku ya kuruhusiwa alipewa suruali yake iliyokauka, akaishika mbele yake kama mtu aliyekabidhiwa nguo ya maiti. Angetoka nayo, mji mzima ungejua alikotoka. Nikamletea yangu ya kijivu. Aliivaa akiwa amenipa mgongo, akakunja ile yake kwapani, na hakugeuka kuniaga.

Mimi sikuwa na nyingine. Nilirudi mjini na suruali ya mabaka na mabuti, na kwa kuwa mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, nikapita mbele. Mteja aliyekuwa akisubiri alinitazama, akachukua gauni lake ambalo halijaisha, akaondoka.

"Suruali yako iko wapi?" dada akauliza.

"Nimemwazima mtu."

"Mtu gani?"

Nikaingia ndani kuvua mabuti. Siku zikapita na karani hakuja. Hakuleta cha kupunguza wala cha kulegeza. Dada aliinua kichwa kila kivuli kilipopita barazani, nami nikajifanya sioni. Kisha mama mmoja, jirani wa karani, akaleta kifurushi, akasema ametumwa tu. Ndani kulikuwa na suruali ya kijivu, imefuliwa, imepigwa pasi. Dada akageuza pindo, akaona uzi wake wa kijani. Akaiweka mapajani.

"Kwa nini hakuja mwenyewe?"

Nilitazama cherehani.

"Kwani mtu akiugua ni aibu?"

"Muulize yeye."

"Nakuuliza wewe."

Mimi ndiye niliyekuwa napita mlango wa nyuma kila siku, nimevaa marinda. Naye akakumbuka, nadhani, nani aliyenielekeza mlango huo, kwa sababu hakuuliza tena.

Nilielewa kwamba mtu yule hatakanyaga baraza ile maadamu nipo. Kipindupindu kilikuwa kimevuka maji, na Sengerema walihitaji wapulizaji. Ile ya kijivu niliiacha kwa dada, nikapanda kivuko cha Kamanga na suruali ya mabaka, na kwenye benchi watu waliniachia nafasi ya kulala. Sikulala. Nilikaa nimefunika magoti kwa mikono.

Niliporudi, mvua nyingine zilikuwa zimepita. Kwenye kamba ya dada ilining'inia suruali nyeusi ya kiume. Nikageuza pindo bila kufikiri. Uzi ndani yake ulikuwa na ukahawia uliopauka, na kitambaa kilikuwa kimechovywa rangi nyeusi hata mabaka hayakuonekana, isipokuwa kwa anayejua pa kutafuta.

"Huyo alikuja mwenyewe," dada alisema. "Akaniambia, ipo moja imeharibika, utaiweza? Nikamwambia ailete."

Walioana. Ni mtu mwema kwangu, hunikaribisha, hunipa chakula kabla sijaomba. Lakini mpaka leo nikiingia na kumkuta amekaa kifua wazi kwa joto, husimama kwanza akatafuta shati, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, ndipo anasema, "Karibu, shemeji." Nami husubiri mlangoni nikitazama chini, mpaka amalize.