Ng'ombe Aliyebana Maziwa

Kazi yangu pale wizarani, Mtumba, ni kuandika taarifa, na kitenzi ninachokitumia kuliko vyote ni "kudhibiti". Tunadhibiti magugu, moto, hata mafuta ya magari. Ukiliandika neno hilo unajiona una mikono mikubwa. Lakini mimi ni mdadisi. Huwa najiuliza kudhibiti, kutuliza na kunyamazisha vinamwacha aliyefanyiwa katika hali gani.

Nilipokwenda likizo kwa mama, Hombolo, ng'ombe wake alikuwa amezaa. Siku ya pili ndama akafa. Mama alikuwa kanisani, nami kwa usafi wangu wa mjini nikamzika ndama mzimamzima na kummwagia chokaa. Mama aliporudi alishika kichwa.

"Umezika na ngozi yake?"

Kumbe kwetu ngozi ya ndama aliyekufa huchunwa, ikapakwa chumvi, mama yake akawa anailamba huku anakamuliwa, ndipo huachia maziwa. Nimekulia palepale na sikulijua hilo. Nilijisikia mjinga.

Ng'ombe akabana maziwa, asitoe hata tone. Kaka yangu, ambaye ndiye mwenye kauli juu ya mifugo tangu baba afariki, akasema asipokamulika hadi Jumamosi atapelekwa mnadani. Mama alimlea ng'ombe yule tangu akiwa ndama. Hakubishana, ila ugali wake aliuacha.

Kesho yake nikaamua kurekebisha kosa langu. Nilimfunga ng'ombe miguu ya nyuma, kichwa nikakibana kwenye nguzo, nikakamua mpaka vidole vikafa ganzi. Sikupata kitu, zaidi ya kupigwa mkia wenye mavi usoni.

"Haya, umeshamshinda," mama alisema huku akicheka. "Sasa mwambie atoe maziwa."

Akafungua zile kamba zote. Akaingia ndani, akatoka na khanga aliyomfutia ndama siku ya kuzaliwa, bado haijafuliwa. Aliinyunyizia chumvi, akanikalisha mbele ya ng'ombe na kunitandikia mapajani, kisha yeye akachutama nyuma na ndoo. Ng'ombe aliinusa kwa muda mrefu sana. Kisha akaanza kulamba, ulimi unakwaruza kama msasa, na nyuma yake nikasikia maziwa yakigonga ndoo.

Kaka alipita, akaitazama ile ndoo, habari za mnada hakuzitaja tena. Nilifurahi, lakini udadisi ukanizidi.

"Mama, kwa hiyo tumemdanganya?"

"Unadhani hajui kama mwanawe kafa? Anajua." Aliendelea kukamua bila kuniangalia. "Wewe mwanangu, lile koti la baba yako ulilichukua la nini? Halikutoshi, na kulivaa hulivai."

Koti lile liko kabatini kwangu, ndani ya mfuko wa nailoni nilioufunga vizuri ili harufu isitoke.