Tumu na Maji ya Kisima

Ishaka alimvunja Tumu kifundo cha mkono saa tisa alasiri, Ramadhani kumi na saba, huku ndege ya abiria kumi na wawili ikiwa imesimama mlangoni mwa banda la mafundi, karibu na uwanja wa ndege wa Changamwe.

Tumu ana miaka arobaini na sita. Ni mwanamke mzaliwa wa Magongo, na kwa miaka kumi na minne kazi yake imekuwa kuosha injini za ndege. Chombo chake ni kigari cha magurudumu manne chenye tangi, pampu na mpira mrefu wenye ncha ya shaba. Hukisukuma hadi kwenye ndege, akaielekeza ncha kinywani mwa injini. Fundi huizungusha injini bila kuiwasha, naye Tumu hupuliza maji ndani, yakaondoa chumvi ya bahari iliyoganda kwenye mapanga membamba yanayoshindilia hewa. Sharti ni moja tu: maji yenyewe yasiwe na chumvi. Yakiwa nayo, injini huliwa kidogo kidogo, na siku moja huzimika angani.

Kipimo cha chumvi kiliharibika mwaka juzi na hakuna aliyenunua kingine. Tangu hapo Tumu huonja. Hutia tone ulimini, hutema, ndipo hufungua valvu. Ramadhani ndiyo humtatiza. Ustadhi alimwambia kwamba kuonja na kutema hakuharibu saumu kukiwa na haja, lakini moyo wake haukutulia. Kwa hiyo kila mwezi wa mfungo huazima ulimi wa mwenzake kazini, Bonface, baba wa watoto wawili kutoka Kakamega.

Siku hiyo Bonface alionja, akatema, akasema, "Iko fiti, mathe."

Tumu alifungua valvu. Matone machache yalitangulia kuangukia kifuniko cheusi cha injini, kilichokuwa kimechomwa na jua tangu asubuhi. Yalikauka papo hapo yakaacha madoa meupe.

Akafunga. "Bonface, n'tazame."

Bonface alitazama viatu vyake.

"Maji haya yametoka wapi?"

"Gari la maji halikukuja, mathe. Ishaka akasema tujaze ya kisima. Akasema nikifungua mdomo, kesho nisionekane hapa."

Ishaka, msimamizi wa zamu, alikuwa keshafika. Ni mtu wa Kisauni, mpana wa mabega, na saa yake alikuwa akiitazama kila dakika.

"Bi Tumu, ndege yaondoka saa kumi. Osha."

"Sioshi na maji haya."

"Injini yaruka juu ya bahari kila siku ya Mungu, leo iogope chumvi ya kisima?"

"Basi panda wewe, na mamako, na wanao. Mkishaketi, wallahi nitaosha."

Ishaka aliudaka mpira. Tumu hakuuachia. Ishaka alimpiga kofi lililompasua mdomo, na Tumu akamrudishia kwa ile ncha ya shaba, juu ya jicho. Ngozi ilifunguka. Damu ilipomziba Ishaka jicho alitukana, akaukamata mkono wa kulia wa Tumu kwa mikono yake miwili, akausokota. Mlio wa mfupa ulikuwa mkavu na mfupi. Tumu alipiga magoti sakafuni. Ishaka alifungua valvu, na mpira ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa, ukampiga Tumu usoni kwa nguvu zote za pampu. Maji yalimjaa kinywani. Mengine aliyameza.

"Chumvi!" alipiga kelele.

"Hiyo ni damu yako," Ishaka akacheka.

Ilikuwa kweli kwamba kinywa kilijaa damu, na ulimi wa Tumu haukuweza tena kutenga chumvi hii na ile.

Dorothy, mhandisi aliyekuwa chumba cha rubani akingoja ishara ya kuzungusha injini, aliteremka mbio, akazima pampu. Aliangalia mkono uliopinda, akaangalia jicho la Ishaka. "Maji haya ni ya nini?"

"Ya kawaida," Ishaka alisema. "Bonface ameyaonja. Bonface, mwambie ulichosema."

Bonface aliinama, akaiweka ncha mdomoni, akanywa mafunda mawili. Hakutema.

"Ni chumvi, madam. Hata saa ile nilijua."

Teke la Ishaka lilimwingia mbavuni kabla hajainuka. La pili lilimlaza chali. Alipokuwa akinyanyua mguu kwa la tatu, Tumu alikisukuma kigari kwa bega, kikiwa na lita mia mbili tumboni, na gurudumu la mbele likapanda juu ya mguu aliosimamia. Ishaka alianguka akilia kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia pale bandani.

"Injini haijaoshwa," Dorothy alisema. "Ndege haiondoki."

Alileta gari amkimbize Tumu hospitali. Tumu alikataa kupanda. Alikuwa ameketi sakafuni, mkono umelala pajani, umeshavimba.

"Fungua chini ya tangi," alimwambia Bonface. "Yamwage yote."

"Mathe, mkono wako—"

"Nisipoona tangi kavu, mtu atakuja kuyatumia nikishaondoka. Mwaga."

Bonface alifungua, mkono mmoja umeshika mbavu. Maji yalichukua dakika ishirini kwisha. Tumu alimtaka ainamishe kigari, achungulie, kisha apanguse ndani kwa kitambaa. Alikishika kile kitambaa kwa mkono wa kushoto akakikamua, na kilipogoma kutoa hata tone, akamwita Dorothy amwinue.