Tepu Niliyoiacha Kwenye Mkoba

(Jina la mtumaji na la ofisi yake tumeyaficha kwa ombi lake. Msomeni kwa utulivu ndipo mjibu.)

Wasomaji wa ukurasa huu, heshima zenu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Mbozi, nafanya kazi hapa Tunduma katika ofisi moja ya kusafirisha mizigo. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanitukana, ingawa matusi mengi nimeshajitukana mwenyewe.

Kazi yangu ni teleprinta. Kwa asiyeijua, ni mashine inayofanana na taipureta, ila ninachopiga hapa kinajichapa saa ileile kwenye mashine ya Mbeya au ya Dar es Salaam. Maneno ya kila siku hatuyapigi upya. Tunayatoboa matundu kwenye tepu ya karatasi, na kila tepu huanza na jina la mashine inayoitwa. Ukishaiingiza tepu, mashine inaita yenyewe na kusema yenyewe. Tepu zangu zilining'inia ukutani kwenye misumari, hii ya kuomba mabehewa, ile ya kutangaza malori, nami nilijisikia kwelikweli. Nyumbani wananiita Mama Mashine.

Mbeya kuna kijana, mpiga teleprinta mwenzangu. Tulianza na salamu za kazi, tukafikia kuzungumza posa. Mchana kazi ikipungua tunachapiana. Siku moja aliniandikia akicheka: "Ofisi ya mkoa kuna tarishi mzee, kahitimu kisomo cha watu wazima, basi kila karatasi anaisoma kwa sauti, kidole chini ya mstari. Hata risiti ya sukari!" Nami nikacheka. Nilichapa ha ha ha kwa vidole vyangu hivi.

Tarishi huyo ni baba yangu mzazi. Aliacha mibuni yake kwa mama akaenda Mbeya kutafuta mshahara ili mimi nisome. Likizo iliyopita alitusomea gazeti zima, jasho linamtoka, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nimekosea wapi?" Nikamwambia hajakosea popote. Lakini kwa mchumba, ambaye baba yake ni mwalimu mkuu, niliona haya kumtaja. Kazini natumia jina la babu, hakuna aliyejua mimi ni wa nani. Alipoulizia wazazi wangu, nilimjibu kwamba baba ni marehemu. Aliniandikia pole ndefu, na mimi nikaipokea.

Mwezi huu majina ya mashine yamebadilishwa. Zamani kila mji ulikuwa na mashine moja na iliitwa kwa jina la mji. Sasa Mbeya zimekuwa mbili: Mbeya Moja iko kwenye stoo ya mizigo, kwa mchumba wangu, na Mbeya Mbili iko ofisi ya mkoa. Yangu hapa sasa inaitwa Tunduma Moja. Tulielezwa kwamba ukiita Mbeya peke yake kama zamani, zinaamka zote mbili, kwa hiyo tepu zote zibadilishwe. Karatasi ya tepu siku hizi ni adimu kama sabuni, kwa hiyo sikutoboa tepu mpya. Nilikata kila tepu kichwa, nikaibandika kichwa kipya kwa uji wa ngano. Bosi akauliza, "Zote tayari, dada?" Nikajibu kwa maringo, "Zote, mzee."

Zote za ukutani, ndiyo. Mkobani mwangu kulikuwa na nyingine, ya kumwita mchumba na kumsalimu, ambayo huitanguliza kabla sijaanza kuchapa. Hiyo hata sikuikumbuka, maana haikuwa ya ofisi.

Siku ya kwanza ya majina mapya, mchumba aliniuliza asubuhi washenga waende wapi Jumamosi. Mchana niliingiza tepu ya mkobani. Mashine inayoitwa hujibu kwa kutaja jina lake, na safari hii yalijibu majina mawili. Mimi nilikuwa nimegeukia dirishani, dereva wa Zambia ananisalimu kwa lugha ya kwao, "Mwapoleni, sista, karatasi zangu tayari?" Nikamjibu, nikarudi kuchapa: WASHENGA WAENDE VWAWA KWA BABA MDOGO. KAMA NILIVYOKUAMBIA BABA YANGU NI MAREHEMU. Nikatia jina langu. Nilipochana karatasi ndipo nikaona ile mistari miwili ya majibu. Ofisi ya mkoa, anayechana karatasi za mashine na kuzipeleka kwa bosi ni tarishi.

Mchumba akanichapia, "Umeamsha na Mbeya Mbili! Yule mzee atakuwa kashatusomea ofisi nzima."

Kesho yake asubuhi mashine yangu iliitwa kwa jina jipya, sahihi kabisa, Tunduma Moja. Herufi zilikuja moja moja. Inakuja moja, inatulia, inakuja nyingine, nikajua ni mtu anayepiga kwa kidole kimoja. HUJAMBO MWANANGU. NIMESOMA MWENYEWE. SIKUMSOMEA MTU. BABA.

Wasomaji, aibu hii sina pa kuiweka. Bora angenitukana. Washenga wanakwenda Vwawa Jumamosi, baba mdogo nilimdanganya kwamba baba kamkabidhi shughuli, na mama anaandaa togwa akiimba. Nikimwambia mchumba ukweli, atakumbuka tulivyomcheka mzee, na huenda posa ikafia hapo. Nikinyamaza, nitaolewa nikiwa nimemzika baba yangu akiwa hai. Kila nikikaa mbele ya mashine nimwombe radhi, naandika SHIKAMOO BABA halafu naichana karatasi.

Nianzie wapi, kwa baba au kwa mchumba? Nielekezeni, ila chagueni maneno mtakapojibu. Gazeti hili baba hulisoma, na kidole chake kitafika mpaka mstari huu.