Mbuzi Sabini na Mmoja

Ukitaka kumkera Egidius, fundi baiskeli wa Kibaoni, Ifakara, usimwambie spoku zake zimepinda. Hilo atakucheka. Mwambie tu, "Fundi, hivi wewe ulizaliwa lini?" Utamwona anachukua pampu na kujaza upepo kwenye tairi ambalo limekwisha kujaa.

Siku hizi jibu analo, na nitakueleza alivyolipata. Lakini kwa miaka hamsini na ushee hakuwa nalo, wala halikumnyima usingizi. Kitambulisho chake kiliandikwa tarehe mosi Januari. Siku ya kuandikishwa karani alimuuliza amezaliwa lini, naye akasema mama yake huwa anasema ni kiangazi. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Karani akamwandikia Januari mosi, kama alivyowaandikia wote waliokosa jibu, akamwita anayefuata. Egidius akakunja karatasi yake akarudi kuziba pancha.

Aliyemvuruga ni jirani yake, Samia. Huyu ni mwenyeji wa Bagamoyo, alikuja Ifakara kumfuata mumewe, akafungua duka la madaftari na mashine ya kutoa kopi, ukuta kwa ukuta na kibanda cha Egidius. Mwanamke mchangamfu, lakini kukaa kimya hawezi, na akishapata wazo hata maji ya kunywa huyapati mpaka ulisikilize.

Mwaka jana mwezi wa tano, kamati ya Kombe la Mavuno ilimpelekea Samia fomu za wachezaji azichape. Kombe hilo ni la vijiji vya bondeni, linachezwa mpunga ukishaingia ndani. Timu kumi na mbili, wachezaji mia mbili na kumi na sita, na kila fomu ina jina, kijiji na tarehe ya kuzaliwa. Samia akazitazama zile tarehe, macho yakamwaka.

"Jamani, njooni hapa," aliwaita watu wa kijiweni. "Nimeona kwenye simu, Wamarekani wana mchezo wao. Wanawagawa wachezaji wa besiboli kwa nyota walizozaliwa nazo. Simba timu moja, Nge timu moja, Samaki timu moja. Wewe unashika timu ya nyota yako. Wao wanacheza uwanjani, wewe umekaa zako nyumbani unahesabu pointi. Sasa kama wao wanaweza na rungu lao lile, sisi na mpira tunashindwaje?"

Hakuna aliyepinga. Kijiwe chenyewe kina watu wanne tu: Samia mwenyewe, Egidius, Rosemery wa chai na chapati, na Shilinde, Msukuma anayeuza maziwa kwa baiskeli. Bao moja pointi tatu, kipa asipofungwa pointi mbili, kadi nyekundu unakatwa. Sharti la Samia lilikuwa moja, na alilitaja kwa kidole: kila mtu anacheza na nyota yake ya kweli, na nyota moja ni ya mtu mmoja. Asiye na nyota atakuwa mtazamaji.

Kesho yake aliwasomea orodha. Punda tisa. Ng'ombe kumi na mmoja. Mapacha kumi. Alikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye Mbuzi, nyota ya watu wa mwisho wa Desemba na Januari. Akasita, akahesabu upya kwa kalamu.

"Mbuzi sabini na mmoja," alisema.

"Ngapi?" Rosemery aliweka birika chini.

"Sabini na mmoja. Wote Januari mosi."

"Haya makubwa! Yaani usiku huo bonde zima lilikuwa leba?"

Walicheka mpaka Shilinde akamwaga maziwa. Vicheko vilipotulia, Samia akageuza kalamu kwao. Shilinde? Januari mosi. Egidius? Januari mosi. Rosemery akaenda kwenye mkoba wake, akatoa kadi ya kliniki iliyochakaa, muhuri wa hospitali juu yake, akaibandika mezani. "Mimi ndiye Mbuzi halali. Nyie wengine mkajitafute." Na kweli, alizaliwa siku ya mwaka mpya, saa tatu asubuhi, imeandikwa. Kombe lilikuwa linaanza wiki inayofuata, Jumapili. Samia akawapa mpaka Jumamosi.

Shilinde alimpigia baba yake Maswa, akaambiwa alizaliwa mwaka walionunua fahali mweupe. Siku gani? Hiyo baba hakuijua. Samia akamhurumia, akampa Ng'ombe kwa heshima ya yule fahali. Akabaki Egidius.

Naye alikuwa amecheka pamoja na wenzake, lakini alipofika nyumbani kicheko kilimkauka. Anayejua siku ile duniani alikuwa mtu mmoja tu, mama yake, Bibiana, aliyeko kijiji cha Michenga kwa binti yake Ritha, dada wa Egidius. Na mama alikuwa anasahau. Alianza na majina ya wajukuu, akafuatia njia ya kisimani, na safari ya mwisho alikuwa amemwita Egidius kwa jina la Leodegar. Leodegar ni baba yao, alifariki zamani. Egidius aliogopa. Aliona wazi kwamba mama akiondoka na siku ile kichwani, yeye atakuwa mtu wa Januari ya karani mpaka kwenye msalaba wa kaburi lake. Jambo ambalo halikumsumbua miaka yote hiyo, sasa lilimnyima usingizi.

Jumatano alifunga kibanda asubuhi, akakanyaga baiskeli hadi Michenga. Alimkuta mama uani na ungo mapajani, anachambua mchele. Vidole vyake havikuwa vimesahau kitu. Jiwe likionekana, linaruka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leodegar, umechelewa. Samaki wako wapi?"

Egidius alimtazama dada yake. Ritha akatikisa kichwa, kama anayesema ndiyo hivyo, tumeshazoea. Egidius alichuchumaa mbele ya ungo.

"Mama, ni mimi. Nataka kukuuliza. Mimi nilizaliwa lini?"

Mama alimtazama kwa mshangao. "Wewe? Nitajuaje mimi? Kamuulize mama yako kule Kivukoni."

Uchungu aliousikia Egidius hapo, sina haja ya kuupamba. Alisimama, akaenda kuegemea baiskeli yake, akashika usukani kama mtu anayetaka kuondoka. Ritha akamfuata.

"Wewe nawe una haraka," alimwambia taratibu. "Mimi niko naye kila siku, najua anavyokwenda. Kwake wewe ni baba. Basi kuwa baba. Usimuulize habari zako, muulize za Egidius."

Egidius alirudi, akaketi kwenye kigoda. Alikohoa kidogo, maana kumwita mama yako kama alivyoitwa na mumewe si kazi ndogo.

"Mama Ritha," alisema, "hivi yule Egidius wetu alizaliwa lini vile? Nasikia ni Januari."

Ungo ulisimama.

"Wanaume!" mama alifoka. "Hata hilo umesahau? Januari! Januari si tuko shambani tunapanda, matope magotini? Nimzalie wapi, kwenye jaruba? Egidius alikuja kiangazi, vumbi linapaa, bwawa la nyuma limekauka mpaka watoto wanaokota samaki kwa mikono. Jumamosi alfajiri. Na wewe hukuwepo, ulikwenda kuvua, ukarudi mtoto ana siku tatu. Kesho yake Padre akaja kusalisha, nikampelekea abatize. Akasema, jina nani? Nikasema, mwenye kutoa jina yuko mtoni. Akacheka. Akauliza, amezaliwa lini? Nikasema, jana. Akafungua kitabu chake, akasema, basi mama, huyu amekuja na somo wake, jana ilikuwa ya Egidi. Ndiyo nikamwita hivyo. Ukoo wetu nani mwingine anaitwa Egidius? Hakuna."

Kisha akaendelea kuchambua mchele.

Ritha alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na kitabu cha sala cha mama, kile cha zamani ambacho jalada lake limeshonwa kwa uzi. Nyuma kabisa kuna orodha ya watakatifu na siku zao. Alipitisha kidole mwezi hadi mwezi, akasimama.

"Septemba, tarehe mosi," alisoma. "Mtakatifu Egidi, Abate."

Egidius alilia. Mtu mzima, mikono yote grisi, alilia mbele ya dada yake bila kujificha. Jina aliitwa kila siku, na siku yake ilikuwa humo humo ndani ya jina, miaka yote, wakati yeye anatembea na ya karani.

"Leodegar, unalia nini?" mama aliuliza. "Mtoto ni mzima."

Aliazima kile kitabu, akarudi nacho Kibaoni siku hiyo hiyo. Samia aliposikia Septemba mosi alipiga makofi. "Mashuke! Fundi, wewe ni Mashuke!" Kisha akavuta ile orodha ya Mbuzi sabini na mmoja na kuanza kuyasoma majina upya. Venance wa Michenga, yule mshambuliaji. Wakamtafuta kitabuni: tarehe kumi na nane Mei. Samia hakutaka kubahatisha, maana mtu anaweza kurithi jina la babu yake tu, basi akawapigia manahodha wote, kila mchezaji akaulize kwao. Siku tatu bonde zima mama na bibi walikuwa wanahojiwa. Kufikia Jumamosi, vijana ishirini na sita walikuwa wamepata siku zao za kweli, na wawili wakagundua kuwa ni wakubwa kuliko kaka zao. Kipa mmoja anaitwa Clinton. Walikipekua kitabu kizima, hayumo. Clinton akabaki Mbuzi wa karani.

Nyota zikagawanywa upya, na Mbuzi wa karani waliobaki wakawekwa kando. Venance aliangukia Ng'ombe, Shilinde akatembea kifua mbele wiki nzima. Egidius, baada ya kuhangaika kote huko, Mashuke wake walikuwa makipa wawili, beki mzee wa miaka thelathini na nane, na vijana sita ambao hawajawahi kufunga hata kwenye mazoezi. Rosemery alimwuliza kama hatamani kurudi Januari.

"Hapana," alijibu. "Hawa ni wa kwangu."

Wale makipa lakini walikuwa wanaume. Jumapili hadi Jumapili pointi mbili mbili zikaingia, na kombe lilipokwisha katikati ya Agosti, Shilinde alikuwa wa kwanza na Egidius wa pili. Rosemery na Mbuzi wake wachache halali wakashika mkia, na chai ikapanda bei kwa siku mbili.

Septemba mosi ikafika. Egidius alivaa shati la kwenda kanisani, akafunga kwenye kerea ya baiskeli kitabu cha mama na kanga mpya aliyoifungasha Samia, akaenda Michenga. Mama alikuwa mlangoni. Safari hii hakumwita Leodegar, wala jina lingine lolote. Alimtazama kama anavyotazamwa mgeni mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umetukuta na shughuli kidogo, leo ni siku ya mwanangu Egidius, amezaliwa siku kama ya leo. Unatoka Ifakara? Hukukutana naye njiani?"

Ritha, aliyekuwa jikoni, aligeuza uso akainamia sufuria.

"Nimekutana naye, mama," Egidius alisema. "Hajambo kabisa. Tena timu yake imeshika nafasi ya pili."

"Ya pili?" Mama alitafakari. "Si haba. Kaa basi ule, na yeye akija atakuta chake."

Akapakua wali kwa mkono wake mwenyewe, sahani mbili, akamwekea mgeni moja na nyingine akaifunika kwa kawa. Egidius alikula. Mama alipoingia ndani kujaribu kanga aliyoletewa, akafunua kawa, akavuta sahani ya pili, akala na hiyo mpaka punje ya mwisho, kwa sababu ilikuwa yake.