Sauti ya Kutwangia Mupunga

Sauti ya mutu iko mbili, wajukuu wangu. Moja ya kifua, nzito. Moja ya kichwa, nyembamba. Chekeni tu! Lakini kule Kasongo, kwa bi mukubwa aliyetumiliki, wali ulitegemea hizo. Mwimbishaji alianza na kifua, wamama wakashusha michi kwa nguvu, maganda yatoke. Akipanda kichwani, mikono yote inakuwa myepesi, punje zisivunjike. Sauti ikipasuka katikati, mikono inapotea, mupunga unakuwa chenga.

Mwimbishaji wetu wa zamani alipokufa, bi mukubwa alituita, mimi na yaya, mukubwa wangu wa tumbo moja. Hatukuwa na ndugu mwingine. Akasema, "Juma likiisha nitawasikiliza. Mmoja ataimbisha hapa. Mwingine ataenda na msafara, nyumba ya Kabambare inataka mupishi."

Sikulia. Nilikuwa kama mukono uliolaliwa usiku kucha: uko, lakini hausikii.

Yaya aliimba vizuri. Mimi nilipasuka kila siku, na wamama walipenda sana. "Sikieni kajogoo, kanajifunza kuwika!"

Yaya akanivuta pembeni. "Weka mukono kifuani. Imba. Kinatetemeka?"

"Kinatetemeka."

"Panda. Sasa?"

"Kimenyamaza."

"Basi ni pale unasukuma, ni pale unapasuka. Usisukume, mujinga wewe! Punguza nguvu mbele ya kufika. Itapita yenyewe."

Siku ya nne ikapita, laini kama mafuta ya mawese. Yaya alinipiga kofi la mgongo kwa furaha.

Siku ya kusikilizwa nilitangulia. Nikapanda, michi ikawa myepesi. Yaya akafuata. Alipofika pale pale aliponionyesha, akasukuma. Sauti ikapasuka, michi ikagongana ndani ya kinu, wamama wakapiga kelele. Tangu nimjue, sauti ya yaya haikuwa imepasuka hata mara moja. Nilimtazama. Yeye alitazama mupunga.

"Mudogo abaki," bi mukubwa akasema.

Asubuhi yaya alikunja mukeka wake. Wapagazi walikuwa wanainua mizigo. Nilijua alichofanya.

Akaniuliza, "Umekula?"

"Nimekula."

Sikuwa nimekula. "Haya," akasema, akaingia nyuma yao, njia ya Kabambare.